Hapana ya Tatu

Mtaa mzima ulimwita Fundi Hapana. Walipoanza kumwita hivyo alipinga mara mbili. Mara ya tatu akaitika.

Kazi yake ilikuwa kufuli na funguo. Kibanda chake kilikuwa chini ya ngazi za jengo la ghorofa tatu, mahali ambapo mtu mrefu aliingia kwa kuinama na kutoka akishika kichwa. Ukutani alipigilia ubao wenye misumari, na kila msumari ulining'iniza funguo: za milango, za masanduku, za magari yaliyokwisha kufa, na mmoja mkubwa wa shaba ambao hata yeye hakujua ulifungua nini, lakini aliupenda. Mezani palikuwa na jiliwa la kubania vyuma, tupa saba zilizopangwa kwa ukubwa, na kopo la mafuta. Umri wake ulikuwa hamsini na kitu, vidole vimeingia weusi wa chuma usiotoka kwa sabuni yoyote. Watu walisema sikio lake la kulia lilikuwa kubwa kuliko la kushoto kwa jinsi alivyozoea kulilaza juu ya vitasa. Hiyo ya sikio ni chuku tu.

Alilelewa na bibi yake, mwanamke maskini mwenye majivuno makubwa, aliyeogopa kitu kimoja duniani: watu kusema kwamba mjukuu wake ana njaa. Kwa hiyo alimfundisha, tangu hajajua kufunga vifungo vya shati lake, kwamba ukipewa kitu unakataa. Ukipewa tena unakataa tena, ila sasa kwa sauti ya chini, ili mtoaji asivunjike moyo. Ukipewa mara ya tatu unapokea kwa mikono miwili na kushukuru. Bibi alikuwa amefariki miaka mingi, lakini somo lake lilibaki mwilini mwa mjukuu, na halikutoka hata pale lilipomtia hasara.

Na lilimtia hasara. Alipokuwa kijana, mwenye duka kubwa la vifaa vya ujenzi alipenda kazi yake, akamwambia aanze Jumatatu. "Hapana, nisije nikakusumbua," kijana akasema, akatulia kusubiri ombi la pili. Mwenye duka alishangaa kidogo, akaita jina lililofuata kwenye orodha. Ndiyo maana mtu mwenye mikono ile aliishia chini ya ngazi.

Mtaa ulijifunza kuishi naye. Mama wa chai, aliyepita na birika lake kila asubuhi, hakuwa na muda wa adabu za mtu. Alisimama mbele ya kibanda akasema kwa pumzi moja, "Chaichaichai," akamimina. Fundi Hapana alilalamika kwamba huko si kuuliza, ila chai aliinywa. Nyumbani mkewe hakumuuliza kitu kabisa. Alipakua, akaongeza, akamsogezea. Angesubiri jibu la kweli, chakula kingepoa.

Mara moja tu katika maisha yake Fundi Hapana alikubali jambo papo hapo. Ilikuwa mbele ya msajili wa ndoa. Marafiki zake nyuma walikuwa wamewekeana dau, na bibi harusi mwenyewe alisimama roho juu, akijua anaolewa na mtu wa namna gani. Msajili aliuliza, na bwana harusi akasema ndiyo. Ndiyo moja, safi, mara ya kwanza. Miaka ishirini na sita ilikuwa imepita, na mkewe alikuwa bado anaitembeza ndiyo ile kwa majirani, wenzake wanapoonyesha vitenge vipya.

Hapana ya tatu nayo aliwahi kuitoa mara moja. Shemeji yake, kaka wa mkewe, aliuza baiskeli yake wakati yeye amelazwa hospitali, halafu akaja na jozi ya viatu kuomba yaishe. Fundi Hapana akakataa mara ya kwanza, akakataa ya pili, na ya tatu akakataa kwa sauti ambayo mtaa wote uliisikia. Tangu siku ile, miaka tisa, wawili hao walisalimiana kupitia watu. Basi ikaeleweka: hapana mbili za Fundi ni adabu, lakini ya tatu ni talaka.

Rafiki yake mkubwa alikuwa seremala wa mtaa wa pili, mtu mnene mpole aliyetembea na maranda ya mbao nyweleni, penseli sikioni. Watu walimwita Randa. Randa hakuwahi kumfanyia Fundi Hapana ule mchezo wa chaichaichai. Kila alipompa kitu alimpa taratibu, mara tatu kamili, na kila mara kwa sababu mpya. "Kula muhogo huu." Hapana. "Kula, umetembea mbali." Hapana, bwana. "Kula, ndugu yangu, mimi peke yangu nitavimbiwa." Hapo Fundi Hapana alinawa mikono. Kwa hilo alimpenda Randa kuliko ndugu zake wa damu. Kati yao hapakuwa na malipo: bawaba ya mmoja ilirekebishwa, meza ya mwingine ikapigwa msumari, na hakuna aliyekumbuka nani alianza.

Mwaka ule mambo ya Fundi Hapana yalikuwa yamemfika shingoni. Ng'ambo ya barabara alikuwa amefungua duka mwanamke mmoja mchangamfu mwenye mashine ya umeme ya kuchonga funguo. Kibao chake kilisema FUNGUO DAKIKA MBILI, na mtaa ukamwita Dakika Mbili. Fundi Hapana alichonga ufunguo kwa tupa, kwa mkono, kwa dakika arobaini, na ufunguo wake uliingia kitasani bila kelele. Lakini watu siku hizi wana haraka hata ya kurudi nyumbani kukaa bure. Wateja walivuka barabara mmoja mmoja, wengine wakimpungia mkono kwa aibu.

Kwa muuza mashine kuukuu palikuwa na mashine kama ile, iliyotumika lakini nzima, bei laki nne. Muuzaji alikubali kumwekea mpaka siku ya mwisho ya mwezi, saa sita mchana, si dakika moja zaidi, kwa kuwa kulikuwa na mtu mwingine aliyeitolea macho. Fundi Hapana alikuwa na mwezi mzima wa kutafuta laki nne, na mfukoni alikuwa na nauli.

Wiki ya kwanza ya mwezi huo Randa alikuja kibandani, akainama, akaingia.

"Nimenunua meza ya kuandikia mnadani," alisema. "Mbao nzuri, miguu mizima. Ila droo ya katikati imefungwa, na ufunguo haupo. Nikiivunja nitaumwa roho."

"Usiiguse," Fundi Hapana alisema. "Nakuja."

Alikwenda karakana na waya mbili zilizopindwa. Akapiga magoti, akalaza sikio, akafumba macho. Kitasa kilikuwa cha zamani, cha kubembelezwa. Baada ya saa nzima kikalia mara moja, droo ikatoka bila hata mkwaruzo. Ndani mlikuwa na kitambaa cheupe kilichofungiwa hati ya kiwanja na picha ya harusi, bwana na bibi wote wamenuna. Jina la wenye hati lilikuwa la familia iliyojulikana upande wa pili wa mji. Marafiki walitazamana.

"Virudi kwa wenyewe," Randa alisema.

"Leo hii," Fundi Hapana akasema.

Randa ndiye aliyekwenda, kwa kuwa stakabadhi ya mnada ilikuwa na jina lake. Jioni akapiga simu. Fundi Hapana aliipokea akiwa ameng'ata tupa, mikono yote miwili imeshika kufuli, simu ameibana kwa bega.

"Ndugu yangu, wamelia machozi," Randa alisema. "Miaka miwili wanaitafuta hati hii, kesi iko mahakamani. Wamenipa bahasha. Laki nane. Nusu ni yako."

"Hapana, bwana, wewe ndiye uliyekwenda," Fundi Hapana alijibu kupitia tupa, kama mtu anavyoitikia salamu, na akaendelea na kufuli lake.

Usiku alilala akitabasamu. Nusu ya laki nane ni laki nne. Mashine ilikuwa imejileta yenyewe.

Kesho yake asubuhi alijikuta anapita karakana, kwa bahati, akiwa amevaa shati safi. Randa alikuwa ameshazigawa hela na kuitia nusu ya rafiki yake kwenye bahasha ya peke yake. Akaitoa kwenye mfuko wa kifuani wa aproni, akaishika kwa mikono miwili.

"Nusu yako hii. Chukua."

"Hapana," Fundi Hapana alisema kwa moyo mkunjufu. "Meza ilikuwa yako."

Randa akaisogeza bahasha karibu zaidi. "Chukua, ndugu yangu. Bila wewe droo ile ingekuwa kuni."

"Hapana, bwana," Fundi Hapana alisema, kwa sauti ya chini, ile ya kumsaidia mtoaji. Mikono yake ilikuwa imeshaanza kukutana.

Randa alimkodolea macho, mdomo wazi. Ndipo kabati la nguo lililoegemezwa ukutani, ambalo halijapata miguu, lilipoanza kuteleza. Wote wawili walilikimbilia wakalidaka, mmoja kwa bega, mwingine kwa mgongo, wakahangaika nalo mpaka likasimama. Walipomaliza kuhema, bahasha ilikuwa imerudi mfukoni. Randa alichukua msasa akaanza kusugua ubao uliokwisha kusuguliwa. Fundi Hapana alisubiri. Akasifu kabati. Akauliza hali ya watoto. Randa alijibu kwa neno moja moja, uso umemshuka, na mwishowe Fundi Hapana akaondoka na mikono yake mitupu.

"Kabati limemchanganya," alimwambia mkewe. "Kesho atamalizia."

Kesho ikapita, na keshokutwa. Ikapita wiki. Mkewe akachoka.

"Nenda ukamwambie."

"Nimwambie nini? Kwamba hapana zangu zimeisha, alete hela?"

"Ndiyo, hivyo hivyo."

"Mke wangu, kuomba zawadi ni kubaya kuliko kuipokea mara ya kwanza. Na hata hivyo, huenda si haki yangu. Meza ilikuwa yake."

"Na meza ilikuwa imefungwa," mkewe alisema. "Angekwenda kuwapa nini, miguu?"

Hoja hiyo ilimkaa Fundi Hapana kichwani, na akaanza kumtengenezea rafiki yake nafasi. Alikwenda karakana akakaa juu ya gogo akazungumzia droo kwa jumla: droo za zamani na za sasa, droo zinazokwama wakati wa mvua. Randa alipiga randa kwa nguvu zaidi. Siku nyingine alijitia hamnazo, akauliza, "Huna bahasha hapo, bwana?"

Randa aliweka patasi chini polepole. "Bahasha gani?"

"Ya kawaida tu. Nina barua."

"Sina," Randa alisema, akamtazama kama mtu aliyekanyagwa kidole kinachouma, tena kwa makusudi.

Wiki ya tatu Randa alionekana na viatu vipya, vyeusi, vyenye kulia njiani. Fundi Hapana aliviona kutoka kibandani kwake, tupa ikasimama mkononi. Hakuna ubaya, alijiambia. Mtu ana nusu yake, anunue anachotaka. Lakini viatu vile ni vya nusu ya kwanza au vimeshaingia ya pili? Akaanza kuvikadiria bei. Aliona aibu kuvikadiria, na akaendelea. Kila vilipopita vinalia, alisikia meno ya mashine yake yanakatika moja baada ya jingine. Mwishowe aliacha kwenda karakana, na kilichomuuma zaidi ni kwamba Randa naye hakuja kuuliza kwa nini.

Ikawa siku ya mwisho ya mwezi. Saa nne na nusu asubuhi Fundi Hapana alikuwa kibandani anapanga tupa zake upya. Muuza mashine alikuwa amempigia jana kumkumbusha saa sita. Mama wa chai alikuja, na kwa mara ya kwanza hakusema neno lake la haraka.

"Baba, kuna msiba kule karakana?" aliuliza. "Kitasa cha Randa kimegoma, hawezi kuingia, na wateja wamejaa mlangoni. Nilidhani ungekuwa huko."

"Hakuniita."

"Amemwita Dakika Mbili."

Fundi Hapana aliweka tupa chini. Kitasa kile alikitia yeye mwenyewe, miaka kumi na mbili iliyopita, na kila mwaka alikipaka mafuta. Alijikaza kwa muda wa kunywa nusu kikombe, halafu akatoka na kwenda, akijiambia kwamba anakwenda kutazama tu kwa mbali.

Kwa mbali hakukutosha. Dakika Mbili alikuwa amepiga magoti mbele ya mlango, jasho linamtoka, anasukuma bisibisi ndani ya tundu la ufunguo. Alikuwa mtu mwema na hodari wa kunakili funguo, lakini kufungua hakujua, na hilo alilisema waziwazi tangu mwanzo. Bisibisi ilikwaruza. Fundi Hapana alisikia mkwaruzo ule kwenye meno yake.

"Dada, niachie," alisema.

Dakika Mbili alimpisha kwa shukrani zote. Fundi Hapana akapiga magoti, akalaza sikio lake, akatia waya. Watu wakanyamaza. Nusu dakika, kitasa kikalia, mlango ukafunguka.

Akasimama, akajifuta magoti. Randa alikuwa hatua mbili mbele yake, amevaa viatu vile.

"Asante," Randa alisema. "Ni kiasi gani?"

Hapo ndipo Fundi Hapana aliposhindwa kuvumilia. Kuulizwa bei na Randa, mbele za watu.

"Bei?" alisema. "Miaka yote hii, leo unaniuliza bei? Kama ni bei, ungeanzia kwenye droo."

"Droo nilikupa, ukakataa."

"Hujamaliza kunipa."

"Nilikupa mara tatu," Randa alisema. "Tatu, bwana. Mtaa wote unajua tatu yako maana yake nini. Nimekaa mwezi mzima najiuliza nimekukosea nini. Ni ule muhogo? Ni neno nililosema? Shemeji yako aliuza baiskeli. Mimi nimeuza nini?"

Fundi Hapana alipigwa na butwaa. "Mara mbili. Ulinipa mara mbili, kabati likaanguka."

"Mbili pale. Na moja kwenye simu. Nilikwambia nusu ni yako, ukasema hapana."

"Ya simu haihesabiki."

"Nani kasema?"

Hakuna aliyewahi kusema. Fundi Hapana alitafuta kichwani agizo la bibi yake juu ya simu, asilipate. Enzi za bibi, mtu alikupa kitu akiwa amekishika. Watu mlangoni walianza kubishana. Mteja aliyefuata kitanda chake alisema hapana ni hapana hata kwa barua. Aliyefuata kabati alisema simu ni ya taarifa tu. Dakika Mbili, ambaye alikuwa mgeni wa mambo haya, aliuliza kama mtu hawezi tu kusema ndiyo, wakamtazama kwa huruma.

Mama wa chai, aliyekuwa amemfuata Fundi nyuma, akaweka birika chini.

"Siku ile ya simu, bahasha ilikuwa wapi?" aliuliza.

"Kwangu," Randa alisema. "Mfukoni, upande wa pili wa mji."

"Sasa yeye alikataa nini, hewa? Mimi nikimpigia mtu simu nikamwambia chai, amekunywa? Mbili, baba. Amekataa mbili. Unadaiwa moja."

Randa alisimama pale akihesabu kwa vidole, na uso wake ukabadilika taratibu. Akaingiza mkono kwenye mfuko wa kifuani. Bahasha ilikuwa ile ile, haijafunguliwa, kona zimelika, ina doa la vanishi na vumbi la mbao limeingia kwenye mikunjo. Mwezi mzima alikuwa ameivaa.

"Sikuweza kuitumia," alisema. "Viatu ni vya nusu yangu, na vinanibana. Hii nilikuwa naitembeza tu. Nilisema labda siku moja utakuja unitukane, nikurudishie usoni."

Fundi Hapana aliona haya mpaka masikio yote mawili yakamwaka. Mtu huyu alikuwa amebeba laki nne zake kifuani, karibu na moyo, huku yeye anakadiria bei ya viatu.

"Naanza upya," Randa alisema, akijipanga, akisimama wima kama zamani. Ilionekana wazi kwamba sababu zote tatu alikuwa nazo tayari, na nzuri. "Ya simu nimeifuta, na zile mbili nimezifuta. Hii sasa ni ya kwanza. Ndugu yangu, nusu yako hii. Chukua."

Kila mtu pale alijua neno linalofuata, na mwenye kitanda alikuwa ameshaegemea ukuta kusubiri mzunguko. Neno lenyewe lilikuwa limeshapanda kooni mwa Fundi Hapana, bibi yake analisukuma kwa nyuma. Akatazama mikono ya Randa iliyoshika bahasha. Ilikuwa inafuta vumbi la mbao kwenye kona zilizolika.

"Lete," alisema.

Mama wa chai, aliyekuwa ameanza kuwamiminia wateja, alimwaga chai kwenye viatu vipya vya Randa.

"Maana bila wewe ile droo..." Randa aliendelea, kwa kuwa sababu ya pili ilikuwa imeshaanza safari.

"Nimesema lete, bwana."

"Umepokea?"

"Nimepokea."

"Mara ya kwanza?"

"Randa, nipe hela yangu."

Randa akampa, halafu akamkumbatia, na wote wawili wakalia kidogo bila kutazamana, wakapakana maranda na mafuta ya vitasa. Watu waligeuza macho pembeni wakasubiri samani zao.

Ilikuwa imebaki robo saa kufika saa sita. Fundi Hapana alitoka mkuku, mtu mzima, shati linapepea, akaingia dukani kwa muuza mashine saa sita kasoro dakika tatu. Akalipa. Muuzaji alifurahi kuuza, akachukua boksi la funguo ambazo hazijachongwa, zipatazo mia moja, akaliweka juu ya mashine.

"Chukua na hizi, fundi. Zawadi ya dukani."

"Hapana," Fundi Hapana alisema.

"Chukua tu, bwana."

"Hapana, asante," alisema, kwa sauti ya chini.

Muuzaji akalirudisha boksi kwenye rafu, akafunga mashine kwa kamba. Fundi Hapana alisimama pale kidogo, akitazama rafu, halafu akabeba mashine yake akaondoka.

Nyumbani alisimulia kila kitu huku anakula. Mkewe alisikiliza akiwa amesimama na sufuria. Alicheka kwenye kabati, akacheka kwenye chai iliyomwagika. Mumewe alipofika kwenye "lete", akaacha kucheka.

"Mara ya kwanza?" aliuliza.

"Mara ya kwanza."

"Mbele za watu?"

"Alikuwepo mwenye kitanda, na mama wa chai."

Mkewe akakoroga sufuria ambayo haikuhitaji kukorogwa. "Miaka ishirini na sita najua ndiyo yako ya kwanza iko moja tu, na ni yangu. Sasa majirani nitawaambia nini? Kwamba tuko wawili, mimi na seremala?"

Fundi Hapana alitafuna polepole. Hakuwa mtu wa maneno matamu, na hili alilitoa kwa shida, akitazama sahani.

"Randa alimaliza kuuliza," alisema. "Kwako wewe, msajili hakuwahi kumaliza. Nilimkatiza. Kaulize."

Mkewe hakuhitaji kuuliza, alikuwepo. Alikuwa ameisahau sehemu hiyo, jinsi mzee wa watu alivyobaki na kalamu hewani na nusu ya sentensi mdomoni. Alimpa mumewe kisogo kwa muda, akajishughulisha na mfuniko. Alipogeuka alikuwa ameshika upawa, na kwa mara ya kwanza tangu waoane, alimuuliza.

"Nikuongezee?"

"Hapana," alisema Fundi Hapana, kabla hajajizuia.

Mkewe akafunika sufuria akaelekea jikoni. Mumewe alimsindikiza kwa macho, bado ana njaa. Mlangoni mkewe akasimama, akageuka.

"Nikuongezee, umebeba mashine?"

"Hapana," alisema kwa sauti ya chini.

Mkewe hakuondoka. Alibaki amesimama pale mlangoni na sufuria yake, hana haraka, akatafuta sababu nyingine. Alipoipata, akauliza mara ya tatu.